Maziwa ya Mnada wa Jumapili

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa saba, wakati baridi ya mlimani huwafanya watu wafunge makoti hadi shingoni, kibuyu changu cha maziwa mgando kiliponadiwa nje ya kanisa, kikauzwa, kikarudishwa, kisha kikauzwa tena, na mimi nikasimama pale nikidhani nimekuwa mfanyabiashara.

Mwanangu unayesoma haya, huenda hukuzaliwa huku kwetu, kwa hiyo nitakueleza utaratibu wenyewe. Ibada ikiisha, watu hawatawanyiki. Wapo waliotoa sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maziwa. Mazao hayo hupangwa mbele ya mlango, na mzee wa kanisa mwenye sauti nzuri husimama kuyanadi. Anayeshinda hulipa. Mara nyingi akishalipa huirudisha sadaka ile ile mezani ili inadiwe upya, na kazi ya Mungu ipate zaidi. Ni desturi njema, na sitaki mtu asome maneno yangu akadhani ninaidharau.

Siku hiyo mzee wa kanisa alikiinua kibuyu changu juu kwa mikono miwili.

"Maziwa ya mama Aneth haya! Mmemwachia mchungaji ayanywe peke yake?"

"Mchungaji ameshanenepa," akajibu mtu kutoka nyuma. "Nileteeni mimi niliyekonda!"

Watu wakacheka, mchungaji mwenyewe akacheka, bei ikapanda. Aliyeshinda akakirudisha. Kikapanda tena. Mwingine akashinda, naye akakirudisha. Niliwatazama wazee wale na mama zangu wa kanisa wakishindana kwa ajili ya kibuyu kilichotoka jikoni kwangu, na kifua changu kikajaa hata nikasahau baridi.

Mimi nilikuwa bado kijana, nina watoto wadogo, na mume wangu alikuwa akibebea watalii mizigo mlimani, hivyo siku nyingi hakuwa nyumbani. Kwetu, kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Bandani nilikuwa na ng'ombe mmoja wa kukamuliwa na binti yake, mtamba aliyekaribia kupandishwa. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nitamuuza mtamba, ninunue madebe, nilipie meza katika soko la Moshi, niwauzie watu wa mjini mgando. Shemeji yangu Elifasi, mdogo wa mume wangu, alikuwa amenitafutia mnunuzi kutoka bondeni, naye angefika Jumamosi na kamba yake. Mume wangu aliniachia uamuzi, kwa kuwa mtamba yule alizaliwa na ng'ombe niliyepewa na mama mkwe siku nilipoolewa. Nikimuuza nikafaulu, nitakuwa nimefungua mlango. Nikimuuza nikashindwa, watoto wangu watabaki na ng'ombe mmoja anayezeeka, na baada yake kikombe kitupu.

Katika umati ule wa mnadani alikuwapo Mama Manka. Alizaliwa kijijini kwetu, akaolewa, akafiwa na mume, akahamia Rau, pembeni mwa mji, na kwa miaka mingi alikuwa akiuza ndizi na maziwa sokoni Moshi. Mwanamke yeyote wa upande wetu aliyetaka kuanza biashara alimwendea yeye kwanza. Wengine walirudi wamefurahi, wengine walirudi wamenuna, lakini wote walikwenda. Nilimfuata nikiwa na haraka ya mtu anayekwenda kupongezwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kibuyu kile."

"Ni mimi. Umeona mwenyewe walivyokigombania. Nataka nije sokoni, mama. Nataka unionyeshe pa kukaa."

Nikamweleza mpango wote, hadi mtamba na kamba ya Jumamosi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Aliyenunua mara ya kwanza aliyanywa?"

"Aliyarudisha, mama."

"Na wa pili?"

"Naye aliyarudisha."

"Basi hakuna aliyeyaonja." Akajitanda kanga yake vizuri. "Wale walikuwa wakimtolea Mungu, binti, na wamefanya vyema. Lakini Mungu hatashuka sokoni Jumanne kununua mgando."

Mwanangu, nilihisi kana kwamba amenimwagia maji baridi ya mfereji. Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa mkubwa wangu, na sisi hatukulelewa kuwajibu wakubwa. Akaniambia nishuke Jumanne na kibuyu kingine kama kile, maziwa yawe vile vile nilivyozoea kuyatengeneza, nisimwambie mtu kuwa ni yangu, na nisiuze hata kikombe.

"Na mtamba?" nikauliza.

"Hadi Jumamosi bado yupo. Mwache ale majani."

Jumanne nilifika sokoni jua likiwa limeanza kuwaka. Ninyi mnaopanda na kushuka kila siku kwa bodaboda mmesahau kwamba mlimani na mjini ni hali ya hewa mbili tofauti. Asubuhi ile nilitoka nyumbani nimevaa sweta, nikafika kwa Mama Manka limelowa jasho. Alikipokea kibuyu, akamimina maziwa kidogo kidogo katika vikombe, akavipanga kwenye ukingo wa meza yake, mimi akaniketisha nyuma ya mikungu ya ndizi kama mtu aliyekuja kumsalimia tu.

"Mdomo umefungwa?" akaniuliza.

"Umefungwa, mama."

Akaanza kuwaita watu waonje bure. Wa kwanza alikuwa fundi mwashi, miguu yake myeupe kwa saruji. Akanywa, akafumba jicho moja.

"Mama Manka, haya umeyakamulia ndimu?"

Akacheka, akaenda zake. Akaja mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge meza ya jirani. Akaonja, akatazama ndani ya kikombe. "Mimi ni wa Marangu, mgando wa juu naujua. Huu umeshaachana. Maji huku, mabonge kule. Joto limeuharibu njiani." Akaja dereva wa gari la mizigo, akanywa nusu, akakirudisha. "Mgando mimi nanunua jioni, nile na ugali. Asubuhi nataka maziwa ya chai, na hayo siku zote nayakosa."

Nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo, katikati ya aibu ile, nilianza kuona jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Mama Manka alikuwa akijua watakachofanya watu kabla hawajakifanya. Mtu akikaribia, yeye huniinamia na kunong'ona: huyu ataacha nusu. Na kweli akaacha nusu. Yule ataniuliza bei, lakini hatanunua. Na kweli akauliza bei, akapita. Huyu mwenye kikapu atanunua ndizi leo, na kesho atarudi kuulizia maziwa. Ile ya ndizi niliiona kwa macho yangu. Ile ya maziwa niliiamini bila kuiona. Sikuwahi kumwona mtu akisoma watu namna ile. Sisi tuliokuwa tukikaa naye kanisani tulidhani kazi yake ni kupanga ndizi.

"Mama, unajuaje?" nikamuuliza watu walipopungua.

"Anayetaka kununua huweka mzigo wake chini kwanza. Anayepita tu huonja akiwa ameushika." Akasema hivyo kwa namna ya mtu anayeeleza jinsi ya kuchambua mchele. Kisha akanikazia macho. "Haya, umesikia nini leo?"

Nikasema, "Nimesikia kwamba watu wa mjini hawajui maziwa."

Hapo, mwanangu, ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti. Alivikusanya vikombe vyote, akaviweka kwenye beseni, akaniambia, "Watu watatu wamekufundisha bure jambo ambalo ulikuwa ujifunze kwa kumpoteza mtamba, na wewe unawaita wajinga. Mmoja amekuambia yamechacha. Mmoja amekuambia kwa nini. Mmoja amekuambia anachotaka na saa anayokitaka. Ungewalipa nini walimu hao? Wewe ulisikia matusi tu."

Machozi yalikuja, akayaona, akaniambia niyafute kwa sababu tunakwenda kwenye nyumba za watu.

Akamwachia meza yake mama wa vitenge, tukaanza kuzunguka mjini. Hatukuingia kwa milango ya mbele. Tulipita nyuma, kwenye majiko: mgahawa wa chai, nyumba ya mwalimu, nyumba za wenye maduka. Kila tulipofika aliniambia neno lile lile, "Leo huuzi. Unauliza." Na maswali alinipa yeye mwenyewe. Unatumia maziwa ya namna gani? Unayataka saa ngapi? Na la tatu, ambalo nisingelifikiria hata ningeishi mara mbili: anayekuletea sasa anakuudhi kwa jambo gani?

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Rekha, mama wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa, nao waliishi nyuma ya duka hilo. Alizaliwa Moshi, Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko changu. Alipomwona Mama Manka akaanza papo hapo.

"Ndizi za juzi zilikuwa nzuri, lakini mbili zilipondeka. Nasema ukweli, usinune."

"Sinuni. Nitakufidia. Huyu binti ana swali."

Nikauliza la kwanza, la pili, na nikafika la tatu. Mama Rekha akaweka mikono kiunoni.

"Maji! Ananitilia maji! Nachemsha maziwa, yakipoa naweka mgando kidogo nipate mtindi, asubuhi nakuta uji. Nimwambie nini mama mkwe wangu? Na siku asipokuja haniambii. Nakaa mlangoni na sufuria kama mlinzi, watoto wanakwenda shule na chai ya rangi. Mimi sitaki rahisi. Nataka maziwa yawe maziwa, na aje."

Tulipokuwa tukitoka kwenye ua wake, mawingu yaliyokuwa yameufunika mlima tangu asubuhi yalifunguka. Mwanangu, mimi nilizaliwa kwenye mlima ule. Nimeukanyaga tangu nilipojua kutembea, nikakata majani kwenye mabonde yake, nikanywa maji yake. Lakini ukiwa juu yake huuoni; unaona mgomba ulio mbele yako na nyumba ya jirani. Siku ile, nikiwa nimesimama kwenye ua wa mtu karibu na pipa la maji, niliuona mlima wote kwa mara ya kwanza, kuanzia ukanda wa migomba hadi theluji ya kilele cha Kibo, ukiwa umekaa pale mkubwa na mtulivu, na nilijaribu kuitafuta nyumba yangu katika ule ukijani nisiione. Nilisahau kwamba nina viatu vinavyobana. Nilisahau aibu ya vikombe. Nilisimama tu.

Mama Manka aliniacha nitazame hadi niliposhiba. Kisha akasema taratibu, "Mteja wako anakuona akiwa hapa."

Njiani nikapata ujasiri wa kumuuliza jambo lililokuwa likinikera. Nilikuwa nimekwisha kutambua kwamba Mama Rekha alikuwa mteja wake, na kwamba Mama Manka mwenyewe ndiye aliyemtafutia yule mleta maziwa asiyefaa. "Mama, kwa nini unanipa mteja wako?"

"Sijakupa wewe kitu. Nimempa yeye maziwa mazuri, ukiyaleta. Akitulia kwa maziwa, hataninunia kwa ndizi mbili." Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Jumamosi nitakuja kwako. Siwezi kumshauri mtu ambaye sijaona jiko lake."

Jumamosi alifika kwa miguu kutoka barabarani, mwanamke wa umri ule, akipanda njia yetu yenye utelezi. Nilikuwa nimefagia, nimetandika kitambaa mezani, nimepika. Hakutazama kitambaa. Aliomba chombo cha kukamulia, akakinusa ndani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko, akakitazama kidole. Akauliza maziwa ya jioni ninayaweka wapi hadi asubuhi.

"Jikoni, mama."

"Karibu na moto."

"Ndiyo, mama."

Akanitazama hadi nikashusha macho. Kisha akashuka kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na mibuni, hadi upande wa chini ambako mfereji wetu unapita, ule mfereji wa asili waliouchimba wazee wetu kuleta maji kutoka msituni. Akainama, akatia mkono majini, akauacha humo kwa muda.

"Haya ni baridi hivi mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Yanatoka msituni."

"Na wewe unayachemsha maziwa yako kwa joto la mafiga." Akaniagiza chombo kingine kilichofunikwa, akakizamisha hadi shingoni, akakiegemeza kwenye jiwe. Ni hayo tu aliyoyafanya. Maji yale nilikuwa nikiyavuka kila siku ya maisha yangu ya ndoa. Nilifulia humo, nilimwagilia humo. Sikuwahi kuona kwamba kulikuwa na baridi ya bure inayopita shambani kwangu.

Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya nikae chini. "Ng'ombe wako akiugua, au akikauka kabla ya kuzaa, Mama Rekha utamwambia nini?"

Kabla sijajibu, tukasikia sauti juu uani. Ni shemeji Elifasi, na nyuma yake mtu wa bondeni, kamba begani.

"Shemeji, kamba imefika. Mtoe mtamba." Akamwona Mama Manka akipanda kutoka mferejini na kile kifuniko cha chombo cha kukamulia mkononi. "Shikamoo, mama. Naona leo soko limepanda mlimani."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuona maziwa. Mtamba si wangu."

Akaketi kwenye kigoda, akaanza kusugua kifuniko kile kwa majani na maji. Nilimtazama anisaidie. Nilisubiri aseme lolote, hata ishara ya kichwa. Alisugua. Mtu wa bondeni alikuwa amekwisha kuingia bandani, akampapasa mtamba mgongoni, akasema, "Ni mzuri huyu, wala sitabishana bei." Mtamba akageuza shingo kunitazama, kama ng'ombe wanavyofanya wakidhani umewaletea majani.

Nikakumbuka vikombe ukingoni mwa meza. Nikakumbuka wale waliogombania kibuyu bila kukifungua. Na swali la Mama Manka lilikuwa bado limening'inia hewani: siku mama yake huyu mtamba akikauka, nitamwambia nini yule anayesubiri mlangoni na sufuria? Jibu lilikuwa limesimama bandani likitafuna, na mimi nilikuwa nakaribia kulifunga kamba ili ninunue meza ya kuuzia kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

"Mtamba hauzwi," nikasema.

"Umesemaje?" akauliza Elifasi.

"Hauzwi, shemeji."

"Nimempandisha mtu wa watu kutoka bondeni, wewe unaniambia hauzwi? Kwa sababu ya muuza ndizi?"

"Kwa sababu yangu. Mgeni hatatoka na njaa. Karibuni ndani."

Nikawaandalia mtori wa ndizi na nyama niliokuwa nimeupika kwa ajili ya Mama Manka. Mtu wa bondeni akala, akausifu, akashuka na kamba yake. Elifasi hakusema nami vizuri hadi msimu wa kahawa. Watu walinicheka kanisani. Walisema nimeota ndoto ya sokoni nikaamshwa na jua.

Walipokwisha kwenda, Mama Manka alikausha mikono yake kwa kanga. "Sasa naweza kukufundisha," akasema.

"Mama, kwa nini hukusema neno? Kidogo nimuuze!"

"Ningekuamulia leo, kesho ungenitafuta nikuamulie tena. Nami nina ndizi zangu."

Mwanangu, nimekutana na watu wengi wenye hekima, wachungaji, viongozi, wazee wa ukoo. Sijamwona mwingine aliyekuwa na uwezo wa kunyamaza wakati jibu liko mdomoni mwake na mtu anazama mbele ya macho yake. Alijua. Nina hakika alijua. Akasugua kifuniko.

Yaliyofuata aliyafundisha kwa vitendo, tena kwa ukali. Alinituma kwa majirani zangu, wanawake wenye ng'ombe mmoja mmoja kama mimi, tukakubaliana kukusanya maziwa pamoja ili siku ng'ombe wa mmoja akikosa, wa mwingine ajaze. Hapo kukawa na woga: nani atazuia maji yasitiwe? Mama Manka akatuita wote, akadondosha tone la maziwa juu ya ukucha wa kidole gumba. Maziwa halisi yalikaa pale yakiwa yamejikunja kama ushanga. Akatia maji kidogo katika kikombe, akadondosha tena. Tone likateleza na kuacha alama hafifu. Kila mmoja wetu akajaribu, tukatazama vidole vyetu kama watoto.

"Kila mmoja atamimina mbele ya wenzake," akasema. "Ya jana hayakutani na ya leo. Tone likiteleza, maziwa yanamwagwa pale pale, bila matusi, na mwenye nayo anakaribishwa kesho."

"Na kama ni ya kwangu?" nikauliza, kwa kuwa nilidhani mimi ndiye kiongozi.

"Ya kwako yamwagwe ya kwanza, waone."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Maziwa ya jioni yalilala mferejini, ya asubuhi tuliyakamua mapema, na watu wa mjini walipoamka tulikuwa tumekwisha kufika. Siku ya kwanza Mama Rekha alipokea, akatazama tu ndani ya chombo. Siku iliyofuata alinivuta jikoni, akachukua bakuli la mtindi, akaligeuza juu chini hewani. Halikudondoka hata tone. Akaliweka, akamwita mama mkwe wake aje aone, akaligeuza tena. Yule bibi mzee, aliyekuwa na uso mkali kuliko wangu wa sasa, akaunganisha viganja vyake na kuniinamia kichwa. Mimi, mwanamke wa migombani asiyejua kusoma, nikainamiwa kichwa kwa sababu ya maziwa. Nilimwambia "aika, mae," asante ya kwetu, nikasahau kwamba haijui lugha yetu, naye akaitika kana kwamba anaijua.

Sikupata kuwa tajiri, na sitakudanganya kwamba nilipata. Lakini watoto wangu walisoma, na hakuna asubuhi waliyokosa maziwa.

Sasa nikuambie kwa nini nimemketisha mjukuu wangu Neema aandike haya. Yeye hutengeneza mtindi wa vikombe huko mtaa wa Soweto, mjini Moshi, wenye picha nzuri kwenye kifuniko. Ameniambia kuwa watu wengi wameusifu kwenye simu yake na kwamba anataka kuacha kazi. Nikamuuliza, hao waliousifu wameununua mara ya pili? Amekunja uso wakati anaandika, lakini ataandika, kwa sababu nimemwambia asiruke neno.

Mwanangu, sifa za watu wanaokupenda ni mnada wa Jumapili. Zipokee, uwashukuru, ujue wamekupa upendo. Biashara huanza kwa yule asiyejua jina lako wala jina la mama yako. Mpe aonje, ufunge mdomo, usikilize. Akikuambia kitu chako ni kichungu, usimtetee ng'ombe wako.

Tafuta mtu anayeijua kazi hiyo kuliko wewe. Siku hizi wapo wanawake wengi wenye ujuzi wanaokubali kuwaongoza wenzao, wengine huketi na ninyi ofisini, wengine huwaongoza kwa simu. Nendeni. Msiende kupongezwa. Mwambie jambo unaloona haya kulisema, mwonyeshe chombo kilichochafuka, mpeleke hadi mahali unapoweka maziwa ya jioni. Akikuuliza swali linalokufanya ukae chini, mshukuru. Na akikuamulia kila kitu, mwogope. Akinyamaza ili uamue mwenyewe, usimwache.

Muulize mteja anachokichukia kwa yule anayemhudumia leo. Usiahidi kwa nguvu zako peke yako, kwa maana utaugua, na mtoto ataugua, na ng'ombe atakauka. Shikana na wenzako, mkubaliane mapema mtafanya nini siku mmoja wenu atakapokosea, na ukiwa kiongozi sheria ianzie kwako. Kile kinachoilisha nyumba yako usikiuze ili ununue meza. Na siku utakapokuwa unajua, binti mmoja atakujia akiwa na haraka na kifua kimejaa. Usimcheke. Usimbembeleze pia. Panda hadi jikoni kwake, hata kama njia inateleza.

Ruwa, Mungu wa baba zetu, aibariki mikono yako na vyombo vyako. Akupe wateja wanaosema ukweli na majirani wanaomimina mbele ya macho. Akulinde unaposhuka asubuhi na unapopanda jioni, na wale waliokutegemea wakukute ukija. Amina.